Filamu Inaisha Amin Akikimbia

Nilipokuwa darasa la nne, kibanda cha video pale Lwakhakha kilikuwa kinalipisha shilingi tano. Kilikuwa nyuma ya soko, mabati pande tatu na magunia mlangoni, na jenereta ikikohoa tulingoja gizani bila kurudishiwa pesa. Filamu iliyorudiwa sana, baada ya zile za karate, ilikuwa The Rise and Fall of Idi Amin, ile ya Sharad Patel ya mwaka 1981. Tuliipenda kwa sababu aliyemwigiza Amin, Joseph Olita, alikuwa Mkenya, na kwa sababu Uganda yenyewe iko pale ng'ambo ya mto. Unamwona Amin kwenye skrini, unatoka nje kukojoa, na nchi yake ndiyo hiyo unaiangalia.

Siku moja nilienda na mzee tuliyemwita Mwalimu. Alikuwa Mmasaba wa upande wa Mbale, rafiki wa kuka, babu yangu, na alikuwa amekuja kututembelea. Filamu ilipoisha, Amin ameshapigwa, watu walipiga makofi vile walivyopiga kila wiki. Mwalimu hakupiga. Alimgeukia kijana wa mashine akasema, "Haya, sasa weka ya pili."

"Hakuna ya pili, mzee."

"Iko. Mimi nilikuwa ndani."

Kibanda kizima kilicheka. Mimi pia nilicheka, ingawa nilikuwa nimekaa karibu naye na niliona hakuwa anatania. Imenichukua zaidi ya miaka ishirini na vitabu kadhaa kuelewa kwamba Mwalimu alikuwa anahakiki filamu, na kwamba uhakiki wake unashinda mwingi niliousoma baadaye kuhusu vita vile.

Kwa wale ambao somo hili liliwapita wakiwa wamelala darasani: mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Amin liliingia Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, likapora, likaua, na Amin akatangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini mwa mto Kagera sasa ni ya Uganda. Hukadiriwa kwamba raia wapatao 1,500 waliuawa. Nyerere akahutubia taifa na yale maneno matatu ambayo kila Mtanzania wa rika fulani anayajua kama jina lake: uwezo, sababu, nia. Jeshi lisilofika watu 40,000 likapanuliwa kwa mgambo mpaka likapita 150,000. Masaka ikaanguka Februari 1979. Lukaya ikafuata Machi, ambako kulikuwa na askari wa Gaddafi waliotumwa kumwokoa Amin. Tarehe 11 Aprili Kampala ikawa mikononi mwa Watanzania na Waganda waliokuja nao. Haikufika hata miezi sita.

Stori ikiishia hapo, mimi siwezi kuibishia. Kule Monrovia, kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa Julai 1979, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walimlaumu Nyerere kwa kuvuka mpaka wa mwenzake. Sijawahi kuwaelewa. Jirani amekuingilia nyumbani, amekuulia watoto, unamfukuza hadi mlangoni kwake kisha unasimama pale kwa heshima ya mlango? Hapana. Lakini haki ya kwenda ni swali moja, na kile ambacho safari ilizaa ni swali lingine. Sanaa yetu imejibu la kwanza tena na tena na kujifanya imejibu yote mawili.

Angalia tu majina. Patel: kuinuka na kuanguka. Kitabu cha Kiswahili cha Baldwin Mzirai kilichotoka 1980 kinaitwa Kuzama kwa Idi Amin. Ile ya Kevin Macdonald iliyompa Forest Whitaker tuzo ya Oscar, The Last King of Scotland ya 2006, ndiyo imezidi: hadithi inakatika na mateka wa Entebbe mwaka 1976, Mzungu anapanda ndege anaokoka, halafu maandishi machache yanakwambia kwamba Amin aling'olewa 1979 akafia Saudi Arabia. Watanzania na gharama yao yote wamekuwa sentensi. Kila mahali mtu ni mmoja, ana mwili mkubwa, na akishazama maji yanatulia. Hakuna anayeuliza maji yenyewe yalikuwa na nini.

Sisi Wakenya wa mpakani tusijione bora. Tulipouandika mpaka huu tuliandika pesa. Wamugunda Geteria alitoa Black Gold of Chepkube mwaka 1985, riwaya ya ile kahawa ya magendo iliyovuka kutoka Uganda katikati ya miaka ya 70, na mpaka leo ukimuuliza mzee wa Bungoma kuhusu Amin anaanza na Chepkube: nani alijenga nyumba ya mawe, nani alinunua lori na hajui kuendesha. Ni stori tamu. Lakini ile kahawa ilikuja kwetu kwa sababu nchi ya upande wa pili ilikuwa inabomoka, na sisi tulikuwa tunahesabu magunia.

Sasa ile ya pili ya Mwalimu. Nitaipitia haraka kwa sababu inachosha, na kuchosha kwake ndiyo sababu hakuna aliyeitengenezea filamu. Machi 1979, kabla hata Kampala haijaanguka, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutanishwa Moshi chini ya macho ya Tanzania, wakamchagua Yusuf Lule. Akatawala siku 68, akaondolewa. Godfrey Binaisa akaingia, Mei 1980 akaondolewa na wanajeshi. Kamati ya kijeshi chini ya Paulo Muwanga ikaandaa uchaguzi wa Desemba 1980, na kura zikiwa zinahesabiwa Muwanga akajipa yeye mwenyewe mamlaka ya kutangaza matokeo. Akatangazwa Milton Obote, ambaye tangu 1971 alikuwa mgeni wa Nyerere Dar es Salaam. Februari 1981 Yoweri Museveni, aliyepigana bega kwa bega na Watanzania miaka miwili nyuma, akaingia msituni. Juni 1981 jeshi la Tanzania likamaliza kuondoka, na tarehe 24 ya mwezi huo huo askari wa serikali mpya wakaua watu waliojificha misheni ya Ombaci, West Nile, kosa lao wakiwa wametoka upande wa Amin. Kisha Luwero, na yale mafuvu yaliyopangwa kando ya barabara. Julai 1985 mapinduzi. Januari 1986 Museveni.

Miezi sita ya kumwondoa mtu, karibu miaka saba ya kutafuta nani akae.

Mwalimu alikuwa ndani ya miaka hiyo. Alivuka mto kuja kwetu mapema 1977, wakati Askofu Mkuu Janani Luwum ameuawa na kila aliyekuwa na Biblia na shahada ya ualimu anaangalia nyuma yake. Alikuja na Raleigh nyeusi, sanduku la vitabu na mke. Walikaa kwenye nyumba ya nyuma, ile ambayo sasa tunawekea mahindi. Yeye na kuka walielewana bila mkalimani, kwa sababu Kimasaba na Kibukusu ni lugha zilizotengwa na mto tu, na mto wenyewe ulifanywa mpaka na Waingereza. Mwaka 1902 walilihamisha eneo lote hili kutoka Uganda kuja upande wa Kenya. Februari 1976 Amin alilidai lirudi, karibu mpaka Nairobi, na kukhu yangu anasema siku hiyo ndiyo pekee aliyowahi kuwa Mganda, tena kupitia redio.

Mei 1979 Mwalimu aliaga. Alikuwa amesikia redioni kwamba shule zinafunguliwa. Alimwachia kuka ile baiskeli iwe yake kabisa, asante ya chakula cha miaka miwili. Kukhu anakumbuka maneno: "Sitakimbia tena, kwa hivyo sitaihitaji." Enzi hizo za magendo, kumpa mtu Raleigh ni kama leo umpe probox.

Nimeleta habari za baiskeli kwenye uhakiki wa vitabu na naomba radhi kwa yule mhariri wangu asiyependa mambo ya nyumbani. Lakini nilipoanza kutafuta kitabu kinachojua habari za baiskeli, nilipata kimoja tu.

Goretti Kyomuhendo alitoa Waiting mwaka 2007. Ni riwaya fupi, unaimaliza kati ya Kitale na Nairobi kama basi halitapata pancha. Anayesimulia ni Alinda, msichana wa miaka kumi na tatu, kijijini Hoima, magharibi mwa Uganda, utawala wa Amin ukiwa unakata roho. Askari wa Amin wanakimbia kuelekea makwao na njiani wanapora. Familia inalala kwenye migomba usiku, asubuhi inarudi nyumbani kuona kama nyumba ipo. Mama yake Alinda ana mimba kubwa, na huwezi kumwambia uchungu wa uzazi usubiri jeshi lipite. Anajifungua na anakufa.

Amin mwenyewe hana kazi kwenye kitabu hiki. Hakuna ikulu, hakuna mamba, hakuna Mzungu wa kutusimulia alivyotishika. Vita vinapimwa kwa mambo ya jikoni: nani atapika sasa, mtoto mchanga atapewa nini, tuchimbe shimo wapi la kuficha vitu. Wanakijiji wanabishana kuhusu lini wakombozi watafika vile watu wa stendi wanavyobishana kuhusu lini gari litajaa. Kyomuhendo ana sikio la mazungumzo ya kusubiri, yale ambayo mtu anaongea ili asisikie kimya. Halafu Watanzania wanafika, na Jungu, rafiki yake Alinda mwenye damu ya Kihindi, anampenda askari mmoja anayeitwa Bahati. Hilo jina silioni kama limeokotwa tu njiani.

Hapa kuna jambo la lugha ambalo msomaji wa Kiswahili ataliona kabla ya wengine. Uganda, Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi tangu enzi za KAR. Amin alikifanya lugha ya taifa mwaka 1973 kwa amri, na kwa raia wengi kilikuwa sauti ya kizuizi cha barabarani: simama, toa kitambulisho, lala chini. Kisha 1979 wakaja askari wengine na lugha ile ile, safari hii ikisema samahani, naomba maji, pole mama. Waganda wengi wanaokumbuka 1979 wanakumbuka hilo. Mwalimu alikuwa akituambia kwamba alisikia "tafadhali" ikitoka kwa mtu mwenye bunduki kwa mara ya kwanza maishani mwake Mei mwaka ule, karibu na Mbale, na kwamba alisimama akaomba mwenye kusema aseme tena. Sielewi kwa nini lugha hii yetu, iliyovaa sare mbili kwenye vita vimoja, haijatuandikia riwaya moja kubwa kuhusu jambo hilo. Yule mwandishi wa Bukoba au Mwanza anayesoma hapa, kazi ni hiyo.

Ila upole wa Bahati ndipo ninapogombana na Kyomuhendo. Watanzania waliosema pole ndio hao hao walioilipua Masaka na Mbarara kulipiza Kagera. Wamarekani wawili, Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi wa habari waliokuwa wakiishi Dar es Salaam na waliosafiri na lile jeshi, wameyaeleza hayo kwenye War in Uganda ya 1982, na hawakuwa maadui wa Nyerere. Hoima ilikombolewa vita vikiwa vimeshalainika, na mwandishi ana haki ya kuchagua kijiji chake. Lakini kijiji kile kimemsaidia mno. Hata hao Avirgan na Honey, pamoja na ukweli wao wote, nina neno nao: jina la pili la kitabu ni The Legacy of Idi Amin. Urithi wa Amin. Kwani urithi wa waliomwondoa nao uliandikishwa kwa jina la nani?

Desemba iliyopita nilimsomea kukhu Waiting. Macho yake hayaoni herufi tena, kwa hivyo nilikuwa nasoma Kiingereza kimoyomoyo na kutoa Kibukusu kwa mdomo, jambo ambalo litakuonyesha haraka sana ni sentensi zipi ni za kweli na zipi ni mapambo. Za Kyomuhendo zilivuka karibu zote. Kukhu alilia kwenye uzazi. Alicheka kwenye ubishi wa wazee. Wakombozi walipofika alinyamaza, na nikaona kurasa zilizobaki ni chache, kitabu kimeanza kufunga virago. Nilimaliza, nikafunika.

"Na huyo msichana na askari wake, waliishia wapi?"

"Kitabu hakijasema, kukhu."

"Basi hujamaliza kusoma."

Nilimtetea mwandishi. Nilimweleza kwamba kitabu kinaitwa Kusubiri na kusubiri hakuna mwisho, kwamba Kyomuhendo akiandika 2007 alijua yote yaliyokuja baadaye, ila Alinda hajui, na uchungu uko hapo katikati. Bado naamini hivyo. Msomaji wa Kampala akiona furaha ya wale watu anahisi baridi tumboni bila kuambiwa chochote. Shida ni kwamba kitabu kilichapishwa New York. Msomaji wa kule, na siku hizi msomaji wa Nairobi aliyezaliwa 2003 pia, anaona watu wamekombolewa na anaenda kulala. Kuacha mambo bila kuyasema ni sanaa nzuri pale ambapo msomaji anayajua.

Na kuna matokeo ambayo hakuna kijiji cha Hoima kingeweza kuyaona, kwa sababu yalienda upande mwingine. Askari wa Amin walipoikimbia kambi ya Moroto mwaka 1979, Wakaramoja waliivunja ghala ya silaha wakabeba. Wafugaji waliokuwa na mikuki na bunduki chache kuukuu wakawa na bunduki za kisasa. Wasabiny wa Kapchorwa wakasukumwa kutoka kwenye tambarare zao. Wapokot na Waturkana nao wakatafuta zao ili wasiwe wa mwisho. Mwaka 1984 jeshi la Kenya liliingia Pokot Magharibi kutafuta silaha, na wenyeji wa kule wana simulizi zao za operesheni ile ambazo si za kusimuliwa watoto.

Senge wangu, shangazi yangu upande wa baba, ameolewa Endebess, Trans Nzoia. Walikuwa na ng'ombe kumi na wanne. Katikati ya miaka hiyo ya 80 walikuja watu usiku, na asubuhi kulikuwa na ng'ombe mmoja mlemavu na mlinzi aliyekufa. Senge aliacha kufuga, akapanda mahindi, watoto wake wakakua bila maziwa ya nyumbani, na wawili hawakufika sekondari kwa sababu ng'ombe ndio walikuwa karo. Ukimuuliza nani alimwibia hatakuambia kabila. Atasema, "Ni ile bunduki ya Moroto." Sasa, hilo tulihesabu kwa nani? Watanzania hawakuwagawia watu bunduki. Lakini ukivunja serikali ya mtu, maghala yake yote yanabaki bila mlinzi kwa siku kadhaa, na anayepanga vita anafaa kulijua hilo kabla hajapanga jinsi ya kuingia ikulu. Marekani walirudia kosa hilo hilo Iraq mwaka 2003 wakiwa na setilaiti.

Hapa ndipo hoja yangu inapoanza kuniponyoka mkononi, na nitakubali. Ukiamua kwamba hutasimamisha saa Aprili 1979, utaisimamisha wapi? Moses Isegawa, kwenye Abyssinian Chronicles, hakuisimamisha. Msimulizi wake Mugezi anapita kwa Amin, vita, Obote wa pili, msitu, ukimwi, hadi Uholanzi, na kitabu kinavimba mpaka mgongo wake unapasuka. Nakipenda kwa uchoyo huo. Lakini kikiisha huwezi tena kusema nani alisababisha nini; kila kitu kimekuwa hali ya hewa. Na mnyororo halisi ni mrefu kushinda wake. Fred Rwigyema alipigana 1979 ndani ya kikosi cha Museveni, akawa mkubwa kwenye jeshi la 1986, na Oktoba 1990 akaongoza wenzake kuingia Rwanda akafa siku ya pili. Jeshi la Uganda likaingia Kongo 1998. Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema Uganda ilivunja sheria huko, na Februari 2022 ikaamuru ilipe dola milioni 325. Nchi iliyokombolewa na jeshi la jirani ikawa jirani anayepeleka majeshi. Nyerere alaumiwe kwa hayo? Ukienda hivyo utamlaumu hata aliyemuuzia Amin viatu vya kwanza.

Kwa hivyo nimejichorea mstari wangu, na wasomaji wawili watatu tayari wameniambia kwenye simu kwamba ni mstari wa mwoga. Namhesabia mwenye kuingilia yale aliyoyafanya au kuyaacha wakati mkono wake ulikuwa bado mle ndani. Kumfukuza Amin, nahesabu kwa Tanzania na naheshimu. Moshi, nahesabu. Lule kuondolewa kwa baraka za Dar, nahesabu. Desemba 1980, askari wa Tanzania wakiwa bado nchini na Muwanga akijipa kura mchana peupe, hapo nahesabu kwa wino mwekundu, kwa sababu aliye na nguvu ya kuangusha dikteta hawezi kutuambia hakuwa na nguvu ya kulinda debe la kura. Na Tanzania yenyewe ililipa. Kadirio linalotajwa sana ni dola milioni 500, juu ya bei ya mafuta ya mwaka ule na Jumuiya iliyokuwa imeshavunjika 1977, halafu ile miaka ya foleni za sabuni na sukari. Makaburi ya Kaboya kule Kagera yana vijana ambao hakuna filamu inayowataja. Walistahili kazi yao imaliziwe vizuri na waliobaki.

Naandika haya kwa sababu si mambo ya wazee pekee. Binamu yangu wa upande huu wa mto yuko KDF. Alikuwa darasa la nane Oktoba 2011 Kenya ilipoingia Somalia, tukiambiwa ni ya muda mfupi. Ameshaenda mara mbili. Binamu yangu wa ng'ambo, mjukuu wa dada yake kukhu, yuko UPDF, yuko Kongo mashariki tangu operesheni ile iliyoanza Novemba 2021. Krismasi moja walikutana nyumbani, wakala kuku pamoja wakilinganisha buti. Kukhu akawauliza wote, "Mtamaliza lini?" Wakaangaliana wakacheka. Fasihi yetu kuhusu Somalia iko wapi? Baada ya El Adde, Januari 2016, hata idadi kamili ya waliokufa serikali haikututajia. Uganda wana ya kwanza na wamekosa ya pili. Sisi hata ya kwanza hatujapiga.

Ndiyo maana sikubali tena hadithi ya vita inayofungwa na mtu kukimbia. Nataka niambiwe mwenye nyumba ya nyuma alirudi lini, na alirudi na nini.

Mwalimu alirudi kwetu 1982. Alikuwa mtu wa DP, na askari wa Obote walikuwa wanawajua watu wa DP kwa majina. Safari hii alikuja kwa miguu, mke na watoto wawili, bila sanduku. Alikula, akalala, na asubuhi ya pili akamwambia kuka, akiangalia chini, "Naomba ile baiskeli." Kuka aliitoa, akapuliza vumbi kwenye kiti, akampa. Hawakuizungumzia tena. Kwa miaka minne Mwalimu aliiendesha kwenda kufundisha shule ya mbali ambako hawakuuliza vyeti vingi.

Januari 1986 redio ikasema tena. Kukhu anasema Mwalimu hakucheza, alisikiliza habari za saa moja, za saa tatu, na za asubuhi. Alingoja hadi Agosti ndipo akavuka, peke yake kwanza. Baiskeli aliiacha kwetu. Hakumpa kuka. Aliiegemeza ndani ya nyumba ya nyuma, akaipiga kufuli kwenye gurudumu, akaondoka na ufunguo.

Vita vya Teso vikaanza 1987, si mbali na kwao. Baiskeli ikakaa. Baba yangu, kijana wakati huo, alikuwa anaipaka mafuta mnyororo bila kuambiwa. Mwalimu alikuwa anakuja kusalimia sikukuu, anaingia nyumba ya nyuma, anaibonyeza matairi, anatoka. Alikuja na ufunguo 1992.